Tangazo la Tisa

12 Januari

Binti yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo wote. Sisi huku wazima. Baba yako anakula, analala na analalamika, kwa hiyo ujue afya ipo. Wewe je? Ule mgongo uliokuwa unakuuma kwa kuinamia mashine za kufulia mashuka ya hospitali umepona? Nijibu hilo kwanza kabla ya mengine yote.

Usharika haujambo. Mchungaji mpya ana sauti ndogo na mahubiri mafupi, jambo lililowafurahisha watu wengi kuliko wanavyokubali kusema. Kwaya imepata majoho mapya. Kayashona Mama Cherehani, na yamewakaa vizuri wote isipokuwa mwalimu wa kwaya, ambaye alinenepa kati ya kupimwa na kushonewa. Mume wake Mama Cherehani, yule mlinzi wa shule, bado anaimba besi, na bado anamaliza wimbo baada ya wenzake.

Na baba yako bado ndiye msoma matangazo. Mwaka wa thelathini na moja huu. Vijana wanamwita Redio, naye anajifanya hajui. Akisimama mbele na karatasi yake, hata watoto wanaacha kuchezea viatu. Jumapili iliyopita mgeni mmoja alisema hajawahi kuona mzee anayesoma kwa ufasaha namna ile bila miwani.

Hapo ndipo nilipotazama chini, mwanangu. Nakuambia wewe tu, na usimwambie mtu: baba yako haoni. Anaona mwanga na vivuli, anaona kwamba mtu amesimama mlangoni, lakini herufi hazioni tangu miaka mitatu iliyopita. Jumamosi saa kumi katibu wa usharika analeta karatasi. Baba yako anakaa kwenye stuli yake akipiga viatu rangi, mimi namsomea. Namsomea mara tatu. Kesho yake anasimama na karatasi mkononi, anasema yote bila kukosea hata jina la mtoto wa ubatizo.

Hilo ndilo jambo. Usiniulize kwa nini sikukuambia mapema. Aliniomba, nami nikakubali.

Mama yako


2 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo, na umpe baba shikamoo yake. Mgongo umepona, nimehamishiwa kwenye kupiga pasi. Sasa kinachouma ni miguu, lakini miguu nimeizoea.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa kwenye ngazi za chumba cha kukaushia, na mwenzangu akaniuliza nacheka au nalia. Mama, miaka mitatu! Na mimi likizo iliyopita nilikaa naye wiki mbili nzima, akaniambia nimekonda. Alijuaje kama haoni?

Namstahi sana baba, wewe unajua. Kichwa kile cha fundi seremala kinachobeba vipimo vya mlango bila kuandika popote, ndicho kinachobeba na matangazo. Lakini nimemuuliza muuguzi wa macho hapa. Anasema huenda ni presha ya macho, na ikiwa ndiyo, kila mwezi unaopita unachukua kitu kisichorudi. Mpeleke kwa daktari, tafadhali.

Na jambo jingine, usikasirike. Wewe unasoma vizuri kuliko sisi sote. Kwa nini usisome wewe?

Mwanao


20 Februari

Binti yangu,

Salamu zako zimefika na nimezipokea, na shikamoo ya baba yako nimemkabidhi. Ameipokea akasema ni ya mtu anayetaka kitu. Sisi hatujambo, mvua imetuharibia paa upande wa jikoni tu.

Uliuliza alijuaje kwamba umekonda. Alikushika mkono ulipomsalimia. Yule anapima kwa mikono tangu ujana. Kanisani anatembea kutoka benchi la wazee hadi mbele bila fimbo kwa sababu mabenchi yote kayatengeneza mwenyewe. Anagusa ncha ya kila benchi anapopita, watu wanadhani anawasalimu waliokaa. Matangazo anayapanga kwenye vidole. Kidole gumba ni ibada ya wiki ijayo, cha shahada ni jumuiya, cha kati ni wagonjwa na misiba, na kuendelea. Ndoa zinazotangazwa anaziweka mkono wa kushoto, za mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, na hajawahi kuwaoza watu kabla ya zamu yao. Mimi namkata katibu jicho akileta matangazo kumi na mawili. Nimemwambia watu wanachoka kusikiliza.

Kona ya juu ya karatasi naikunja ili asiishike kichwa chini. Mara moja nilisahau, akaishika kichwa chini, akasoma yote kwa sauti ya kishujaa. Waimbaji wa soprano waliona. Walidhani ni mzaha wa wazee.

Kuhusu daktari, amekaza shingo. Anasema akishaambiwa na daktari itakuwa kweli. Nilipomwambia kwamba ni kweli tayari, akachukua stuli yake akatoka nje. Mwanangu, alishaacha useremala kwa sababu ya macho haya, ingawa watu wote aliwaambia ni uzee. Hiki ndicho kilichobaki. Jumapili, kwa dakika kumi, anakuwa tena mtu yule aliyekuwa zamani. Nikimnyang'anya hizo, nitakaa na nani nyumbani?

Na mimi kusoma mbele za watu, hapana. Mimi ni mtu wa benchi la nne upande wa dirisha. Huko mbele nitameza mate mpaka yaishe. Lile suala tulifunge.

Mama yako


14 Aprili

Binti yangu,

Nakusalimu. Nisamehe kwa salamu fupi. Kwa mwili hatujambo.

Mume wa Mama Cherehani amefariki. Aliugua siku nne tu. Mazishi yalipangwa Jumapili saa tisa alasiri, katibu akaandika, nikamsomea baba yako, akaliweka tangazo kwenye kidole cha kati. Jumapili asubuhi, kabla ya kengele ya pili, ndugu mmoja wa marehemu alikuja mpaka benchi la wazee, akamtia baba yako kikaratasi mkononi, akasema, "Mzee, usilisahau hili," kisha akaondoka haraka kurudi msibani.

Baba yako alidhani wanamkumbusha. Akakitia mfukoni. Ulipofika wakati akasimama, akatangaza mazishi saa tisa, kwaya ijiandae, watu wote waje. Alilisema vizuri sana. Wanawake walifuta machozi.

Tukarudi nyumbani. Saa saba na nusu, tukiwa mezani, akanipa kikaratasi. Kilisema ndugu wa mbali wana safari ya jioni, kwa hiyo mazishi ni saa sita, mara baada ya ibada.

Tulikimbia, mwanangu. Nilimshika mkono nikamkokota njiani kama mzigo, naye akajikwaa mara mbili. Tulipofika udongo ulikuwa umeshapandishwa. Walikuwepo mwinjilisti wa mtaa, mjane, watoto wake na ndugu tisa. Mtu aliyeimba katika kwaya miaka ishirini alizikwa bila kwaya. Mwinjilisti alianzisha wimbo peke yake, nasikia, na ulifia njiani. Waliokuja saa tisa walikuta kaburi tu; mjane alikuwa ameshajifungia ndani.

Watu wanasema Redio amezeeka, amesahau, ndivyo ilivyo. Wamemsamehe kabla hajaomba. Na yeye anaacha waamini hivyo. Anakaa kwenye stuli hapigi viatu rangi wala hafanyi lolote. Mama Cherehani hakuja kanisani Jumapili ya jana wala ile iliyotangulia.

Sijui niandike nini zaidi.

Mama yako


25 Aprili

Mama,

Shikamoo. Poleni sana. Yule mlinzi ndiye alikuwa akinifungulia geti nikichelewa shule, akijifanya hajaniona.

Nimekaa na barua yako siku nyingi nikitafuta namna ya kukuandikia kwa upole, nimekosa. Kusahau na kutoona si kitu kimoja. Yule mama yuko nyumbani anafikiri watu hawakutaka kumzika mumewe, au mnadhani anafikiri nini? Baba aende akamwambie, na wewe uende naye, kwa sababu siri hii mliibeba wawili. Mimi pia nilikuwa najua na nikacheka kwenye ngazi, kwa hiyo hata mimi nimo.

Baba ndiye mtu ninayemheshimu kuliko wote, Mama. Ndiyo maana nasema.

Nakuomba unijibu hata kama umeudhika.

Mwanao


30 Mei

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mwezi mzima sijapata neno lako. Kama nimekukosea kwa yale niliyoandika, nipo tayari kuomba radhi kwa namna nilivyosema, ingawa si kwa nilichosema. Niambie tu kama mu wazima.

Mwanao


16 Juni

Binti yangu mpendwa,

Nakusalimu sana, na hatujambo, safari hii ni kweli. Niliudhika, sikufichi. Niliudhika wiki mbili nzima, na wiki ya tatu nikaona kwamba naudhika kwa sababu umesema nilichokuwa nakijua.

Nilimsomea baba yako barua yako neno kwa neno. Nilipofika mahali uliposema unamheshimu, akanyoosha mkono nikampa karatasi, akaishika hivyo tu. Kesho yake akasema, "Vaa, twende."

Tulimkuta Mama Cherehani kwenye mashine yake, anashona sare za shule. Hakusimama. Baba yako alimweleza yote: macho, Jumamosi, kikaratasi, mfuko. Yule mama aliendelea kukanyaga mashine mpaka mshono ukaisha, akakata uzi, ndipo akasema, "Mimi nilidhani hamkutaka kuja. Nimekaa hapa nikihesabu tulichowakosea watu, nikakosa." Baba yako alilia, mwanangu. Na mimi. Yeye hakulia. Akasema, "Nimekusamehe, Mzee. Lakini uliyoniambia mimi, waambie na wale, maana mume wangu alikuwa wa wote."

Kutoka hapo alikubali hata daktari. Muuguzi wako alisema kweli, ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi. Kuna dawa ya matone, asubuhi na jioni, ya kulinda ule mwanga uliobaki. Namtia mimi, na anapiga kelele kuliko watoto wa chanjo.

Jumamosi nilimsomea matangazo kama kawaida, yalikuwa manane. Sikumuuliza atafanya nini. Ijumaa alikuwa ametoka na fimbo mpya aliyopewa hospitali, akaniambia anakwenda kanisani kukaza benchi lililolegea. Nikaamini, kwa sababu kukaza benchi anaweza kwa kugusa.

Jana sasa. Mama Cherehani alikuja, akakaa nyuma kabisa. Wakati wa matangazo ulipofika baba yako akaenda mbele na fimbo. Kanisa zima liliiona ile fimbo. Akasema, "Wapendwa, karatasi hii siioni. Miaka mitatu nimesimama hapa nikiishika na siioni. Ndugu yetu alizikwa bila ninyi kwa sababu niliona aibu kusema maneno mawili: sioni, nisaidieni. Ninyi hamkumwacha. Mimi ndiye niliyewaacha ninyi wote nyumbani." Akamtaja Mama Cherehani, akamwomba radhi. Yule mama akasimama huko nyuma, akaitikia kwa kichwa, na mchungaji akamwambia baba yako kwamba anaitikia, kwa kuwa hakuweza kuona.

Nikadhani yameisha. Kumbe baba yako akageuka upande wa dirisha na kusema, "Matangazo yatasomwa na mke wangu."

Hakuniambia. Hakunidokeza hata kidogo. Jirani yangu akanisukuma kwa kiwiko nikajikuta nimesimama. Nilikwenda mbele nikimpangia baba yako maneno ya nyumbani. Katibu akanipa karatasi yake. Nikameza mate, nikaanza, na mwanangu, kumbe sauti ninayo. La kwanza, ibada. La pili, jumuiya. La tatu, kwaya yote ibaki baada ya ibada, iende na majoho kaburini kwa mwenzao kumwimbia. Hapo nilisikia Mama Cherehani akilia kwa mara ya kwanza. Nikaendelea mpaka la nane, nikataka kukunja karatasi, nikaona kuna la tisa. La tisa sikulijua. Mimi huyajua yote kabla ya mtu yeyote, na hilo sikulijua.

Nikasoma: "Tangazo la tisa. Usharika unatangaziwa kwamba matangazo yote ya miaka mitatu iliyopita yamesomwa na mke wa mzee wa kanisa, kila Jumamosi saa kumi, nyumbani kwake. Mzee alikuwa anarudia tu. Aliyepata faida..."

Hapo niliishia. Macho yangu mazima hayakuona herufi hata moja. Kanisa likangoja. Baba yako alikuwa amesimama karibu yangu, akasogea mpaka bega lake likagusa langu, akalimalizia yeye, kwa sauti ile ile ya Redio, bila karatasi: "Aliyepata faida kwa matangazo hayo amshukuru yeye. Mzee anaanza leo, kwa kuwa amechelewa."

Alikwenda ofisini Ijumaa, akamwambia katibu aandike, akaomba asomewe mara tatu.

Binti yangu, nimeishi na mtu huyu miaka thelathini na nane, na nilidhani ni mimi peke yangu niliyekuwa naona.

Mama yako