Muzee wa Njiani

Jumatatu, 4 Juni 1956
Tena karatoni ya boksi. Papa Anselme, mwalimu wetu wa foto, aliikata dirisha ndogo katikati, na kwa mwezi muzima ndiyo aparei yangu ya kupiga foto. Nazunguka Goma nayo mbele ya jicho. Anatufundisha: mutu asikae katikati. Aachiwe nafasi upande anakoangalia. Mwangaza utoke kando. Leo mama mumoja wa Katindo aliniuliza kama nina kichaa.

Ijumaa, 8 Juni
Aparei ya kweli, mukononi! Filme moja, foto kumi na mbili. Iliyo nzuri kupita zote itawekwa katika dirisha la studio. Tuko wanafunzi watatu. Nataka iwe yangu.

Jumamosi, 9 Juni
Papa yangu alifika na kamyo ya mizigo kutoka Rutshuru. Kule yeye ni katekista, watu wanasimama akipita. Aliazima koti, akavaa viatu vipya. Alitaka foto moja tu: amesimama wima, kitabu cha sala mukononi, ya kutundika kwa ukuta wa mama nyumbani. Nilikuwa nimebakiza foto moja.
Viatu vilimuumiza. Alivivua, akakaa juu ya jiwe la volkano, akainama akisugua vidole. Mwangaza ukamwangukia mugongoni, nyuma yake ukuta mweusi. Nikabonyeza. Hakuniona.
Akavaa tena, akanyoosha koti. "Niko tayari."
Nikamwambia filme imekwisha. Akasema si neno, mara ingine.

Jumanne, 12 Juni
Tulisafisha filme. Papa Anselme aliangalia ile foto muda murefu. "Leo umeona," akasema. Sijawahi kufurahi vile. Akauliza muzee huyu ni nani. Wenzangu walikuwa wanasikiliza. Miguu ile yenye vumbi, mugongo ule. Nikajibu: muzee mumoja tu, nilimukuta njiani.
Sijui kwa nini. Najua. Niliona haya.

Jumamosi, 16 Juni
Iko dirishani. Watu wanasimama. Mangaribi walipita mama wawili wa Rutshuru, wamebeba vikapu. Mumoja akacheka kwa sauti: "Si katekista wetu huyu? Viatu vimemushinda!" Nilikuwa ndani, nyuma ya pazia. Sikutoka.

Jumatano, 20 Juni
Papa alikuja bila kutuma habari. Nilimuona kupitia kioo, kofia mukononi, mbele ya foto yake. Nikatoka.
"Ulinipiga wakati gani?"
"Siku ile, papa."
"Uliniambia filme imekwisha."
"Ilikwisha na hii."
Halafu akasema watoto anaowafundisha sala wanainama na kusugua vidole kila akigeuka.
Papa Anselme akatoka, mikono miwili mbele, kwa furaha. "Muzee, ni wewe! Mwanafunzi wangu alituambia alikukuta njiani!"
Papa yangu aliniangalia. Akavaa kofia, akaenda kutafuta kamyo. Nilimufuata mpaka kwenye kona, halafu nikasimama.

Alhamisi, 21 Juni
Niliomba foto itolewe. Nikasema yote. Papa Anselme alikaa chini. "Ungeniambia ni papa yako, ningekuuliza kama amekubali." Lakini imeshaondoka: muzungu mumoja wa shamba ya kahawa aliiomba jana, anaipeleka Ulaya. Kilichobaki ni filme. Niliikata vipande kwa makasi. Haikunisaidia kitu. Mugongo wa papa utaangaliwa na watu ambao hawatamusalimia kamwe.

Jumapili, 24 Juni
Rutshuru. Papa Anselme aliniazima aparei na filme nzima. Kutoka Kibati, nje kidogo ya Goma, mpaka hapa nilikuwa natengeneza maneno. Yote yalipotea mulangoni. Nilipiga magoti, nikasema: "Papa, nilikukana." Nikasema nimekuja kumupiga foto aliyoitaka, hata kumi akitaka.
Alisikiliza mpaka mwisho. "Foto, hapana," akasema. Halafu akamugeukia mama: "Mupe mugeni maji."
Mugeni. Mama alileta maji, macho chini. Nikayanywa.

Jumatatu, 25 Juni
Asubuhi tuling'oa maharage, papa, mama na mimi. Aparei ilibaki ndani ya mufuko wake. Baridi kidogo, halafu jua. Nimesahau kazi hii, mikono inaniuma.
Tulipofunga mizigo papa aliangalia shamba. "Upande wa chini, kesho."
Sijui kama alisema na mimi ao na mama. Nitaamka mapema.