Mianzi ya Baba

Tosamaganga, 3 Aprili 1956

Kwako mdogo wangu Anania, huko machimboni Chunya,

Sisi tu wazima. Mahindi yameanza kubeba, na mbuzi wa mama amezaa mapacha.

Baba alikufa tumbo limevimba kama ngoma, macho ya njano. Daktari alishamwambia ulanzi, pombe hiyo ya mianzi yake, umemla ini, asionje tena. Wenzake wakamletea mpaka wodini, kwenye kibuyu, wakidanganya kuwa ni uji. Matapishi yake nilifuta mimi. Damu tupu, na uchachu uleule wa ulanzi. Mpaka leo nikisikia harufu ile naondoka mahali hapo.

Siku ya mazishi walikuja haohao na mbeta zao, vile vikombe vya mianzi, zimejaa ulanzi. Wakanywa, wakacheua, kisha wakammiminia kaburini, eti asione kiu. Nzi walijaa pale kabla hatujaondoka.

Sasa wewe, katika barua ya rambirambi, unaniuliza mianzi ya baba anaigema nani. Huna haya! Nimeikata yote. Nimezungushia kaburi uzio wa mianzi hiyohiyo, wasimfikie tena.

Njoo umwone baba. Lakini ukija unanuka ulanzi, utamlilia nje ya uzio pamoja nao.

Ni mimi dada yako,
Yudith