Nimemchora wifi yangu nyani, sasa kila mtu anampenda

Bibi Lusiana mpendwa,

Shikamoo. Nakusoma kila Ijumaa, na siku zote nilikuwa nawacheka wanaokuandikia, nikisema watu wazima hawa hawana haya, leo na mimi nimekaa chini nakuandikia, kwa hiyo usinicheke, nisaidie kabla sijafanya jambo nisiloweza kulirudisha. Majina nimeyabadili na langu naomba lihifadhiwe.

Mimi ni mke wa Harithi, tunaishi Nachingwea mjini. Kabla hajanioa nilikuwa nachora vibao vya saluni na vibanda vya chipsi, yeye alikuwa amerudi kutoka Dodoma na masomo yake ya kompyuta na hana kazi, tukaoana, tukaanza kutengeneza gemu za kwenye simu chumbani kwetu, yeye anaandika programu na mimi nachora. Gemu yetu inaitwa Dungu. Unakaa juu ya dungu, kile kichanja cha mlinzi shambani, unalinda mahindi, wanakuja nyani, wanakuja nguruwe, mwisho anakuja tembo, ukiwafukuza wote unavuna. Kila jani lililomo mle nimelichora kwa mkono wangu huu. Kompyuta ya kwanza alitununulia kaka yangu Kaimu wa Mandawa, na kaka yangu huyo ananipenda sana, hauzi gunia la ufuta bila kunipigia simu mimi kwanza nimwambie auze au asubiri, mpaka mke wake Mwantumu ananuna, ana wivu tu yule, hajui undugu. Baadaye mjomba wake Harithi, mzee Twaha wa Chinongwe, akauza sehemu ya mikorosho yake, tukapanga ofisi, tukaandikisha kampuni, tukaajiri vijana, na mzee akawa mwenyekiti ingawa gemu yenyewe hakuwahi kuicheza hata siku moja.

Mzee Twaha akafariki mwaka huu. Siku ya arobaini tukaenda Chinongwe, na bibi unazijua mila zetu, ukoo ni wa upande wa mama, akifa mjomba wanaokaa kikao ni wapwa, kwa hiyo Harithi na dada yake mkubwa Yasmini wakaitwa ndani na wazee wao, mlango ukarudishiwa, na mimi mke nikabaki jikoni na wanawake wengine walioolewa pale. Nilidhani wanagawana mikorosho. Mara akatoka mama yao mdogo na sahani tupu, akaniambia, "Ongeza nyama hapo, mkwe, leo kuna shangwe. Yasmini ndiye mkurugenzi wa lile duka lenu la simu."

Bibi, mkurugenzi mtendaji wa kampuni iliyoanzia chumbani kwangu amechaguliwa mimi nikiwa nimeshika mwiko.

Njiani tukirudi nikamwuliza Harithi, "Kwa nini hukuniita?"

"Kilikuwa kikao cha ukoo. Na dada anawaweza watu. Mimi na wewe hatuwawezi watu."

"Sasa mimi pale ni nani?"

"Wewe si mke wangu?" Alisema hivyo kama mtu anayenipa zawadi.

Basi Yasmini akaja. Alikuwa katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho, kwa hiyo amezoea kugombana na wanaume. Siku ya kwanza akakalia kiti kinachozunguka, siku ya pili akanywea kikombe changu, wiki haijaisha vijana wote wanamwita Bosi. Ana pengo la meno ya mbele, anatembea nyonga moja mbele kama anasukuma mlango kwa kiuno, anavaa hereni kubwa kama bangili, na akicheka anapiga paja lake mwenyewe. Akiwa na Harithi wanakumbushana utoto wao mpaka machozi yanawatoka, mimi nimekaa pembeni na kalamu yangu kama fundi aliyeitwa kutengeneza feni. Sitasema uongo, tangu aje vijana wanalipwa kwa wakati na hatujakaa gizani kwa kukosa luku. Hata hilo linaniuma. Ningependa angeharibu kidogo.

Sasa dhambi yangu ni hii. Toleo jipya lilihitaji kiongozi wa nyani, jike linalowatuma wenzake kuiba. Nikamchora. Nikampa pengo, nikampa nyonga moja mbele, nikamfanya akishaiba hindi anapiga paja na kucheka. Nikampa jina Bi Pengo. Nilikuwa nachora huku nacheka peke yangu, bibi, sijawahi kufurahia kazi namna ile. Nilitaka watoto wa Nachingwea nzima wamtupie mawe.

Siku ya kuonyesha kazi Yasmini akasimama nyuma yangu. Akamtazama, akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akanishika bega akasema, "Wifi, huyu mbona hana hereni? Mtie hereni." Nikamtia.

Toka hapo ni mateso. Walikuja wageni kutoka Dar kuitazama gemu, wakampenda Bi Pengo kuliko vyote, wanataka achapwe kwenye fulana. Wakauliza nani kambuni, na Yasmini akasimama mbele yao, "Ni wifi yangu huyu hapa. Mimi hata penseli siwezi kuishika vizuri." Watu wakapiga makofi, na mimi moyo ukaniwaka, kwamba hata sifa zangu anazigawa yeye. Watoto tuliowagawia toleo la majaribio hawamtupii mawe, bibi, wanamwachia mahindi makusudi ili wamwone akicheka! Na Harithi usiku ule akaniambia, "Bi Pengo ndiyo kazi yako nzuri kuliko zote." Sikulala.

Toleo jipya linatoka mwisho wa mwezi na michoro yote ya asili iko kwenye kompyuta yangu. Begi moja nimeshafungasha. Nimfute huyo nyani niende zangu Mandawa, Kaimu anifungulie kampuni yangu mwenyewe, au kwanza nimwambie Harithi achague, mimi au dada yake? Nijibu, bibi, roho haina pa kukaa.

Mchoraji, Nachingwea

---

BIBI LUSIANA ANAJIBU

Marahaba, mjukuu wangu.

Barua yako nimesomewa mara mbili. Ya kwanza nilicheka mpaka nikakohoa, ya pili nikakuonea huruma, kwa hiyo leo utapata vyote viwili na usiniletee midomo.

Umeonewa, hilo nalianza mimi ili usiseme bibi kampendelea mwenye kiti. Arobaini ni ya marehemu na mikorosho yake. Kampuni si mkorosho. Mzee alitia mali yake, sawa, Mungu amrehemu, lakini wewe ulitia mkono wako, na mkono nao ulistahili kuwa ndani ya kile chumba. Huyo Harithi wako ni mwoga. Alijua utakasirika, akajificha nyuma ya wazee, halafu anakuambia, "Wewe si mke wangu?" Mke ndiye nani, mtu wa kuongeza nyama? Mwambie bibi mmoja wa Mkotokuyana anamtafuta na fimbo yake iko mlangoni.

Sasa geuka, nikuchape na wewe.

Harithi alikuambia yeye na wewe watu hamuwawezi, na hukumbishia. Umesema mwenyewe vijana wanalipwa na taa zinawaka. Halafu unaomba mwenzako aharibu kidogo. Akiharibu, nani atalala njaa? Si wewe na yeye tu, ni wale vijana na mama zao. Kumbe unataka moto uteketeze nyumba ili jirani aungue kidole! Acha hiyo tabia, ni mbaya, itakuzeesha uso.

Na nikuulize jambo. Kaka yako Kaimu hauzi gunia la ufuta bila kukupigia wewe simu. Wewe uko Nachingwea, ufuta uko Mandawa. Aliyeupanda nani? Aliyeinama kuupalilia, akaukata, akaukung'uta na vumbi lote lile puani, nani? Si Mwantumu? Na bei inapangwa na nani? Na dada mtu, kwenye simu, amekaa kwenye feni. Huyo Mwantumu unamwita mwenye wivu, hajui undugu. Wifi yako Yasmini akikuita wewe hivyo utasemaje? Mjukuu wangu, kule Mandawa wewe ndiye Yasmini. Tofauti ni kwamba Mwantumu hajui kuchora, angejua na wewe ungekuwa nyani siku nyingi.

Kwa hiyo hilo begi lifungue. Unakwenda Mandawa kukaa kwa nani? Utapokelewa kwa wali, hilo halina shaka, wiki ya kwanza. Wiki ya pili utasikia sufuria zinavyogongwa jikoni, na utakuwa unaujua wimbo wake kwa sababu umeuimba wewe mwenyewe Chinongwe.

Nyani usimfute. Nimeonyeshwa hilo toleo lenu la majaribio kwenye simu ya mtoto mmoja, nikamaliziwa mahindi yote, maana na mimi nilimwachia. Yule mnyama ana uhai. Chuki peke yake haichori hivyo, nakuambia. Umemtazama yule mwanamke mpaka ukajua anavyopiga paja, umejua na nyonga gani inatangulia, na Harithi wako sidhani kama umewahi kumtazama hivyo. Kuna sehemu ndani yako inampenda wifi yako na inatamani iitwe ikae pale wanapochekea. Unalia kwa sababu kicheko kile hujakaribishwa, na hujakaribishwa kwa sababu umenuna pembeni na kalamu.

Na kama unadhani hajui kwamba nyani ni yeye, hebu nipishe! Mwanamke ana pengo, ana nyonga, anapiga paja, anaonyeshwa nyani mwenye pengo na nyonga anayepiga paja, halafu anakuambia mtie hereni. Hereni, mama! Anazovaa yeye! Amejua tangu dakika ile. Angeweza kukufukuza kazi, kiti anacho. Angeweza kumwambia mdogo wake Harithi ukaachika. Amekaa chini akacheka, akakumalizia mchoro wako, halafu akasimama mbele ya wageni akakutaja. Amekufungulia mlango wewe ukadhani anakugawia sifa.

Utafanya hivi. Utakwenda kwa Yasmini, nyumbani kwake na si ofisini, useme kwa mdomo wako, "Wifi, yule nyani ni wewe, nilikuchora kwa wivu." Usitie maneno mengi. Akikutukana, vumilia, umestahili. Akicheka, na wewe cheka, hapo ndipo pa kuingilia. Mkishamaliza kucheka umwambie na lako: kwamba uliumizwa ukiwa na mwiko mkononi, kwamba kuanzia sasa mambo ya ukoo yazungumzwe Chinongwe na mambo ya kampuni yazungumzwe ofisini, na wewe una kiti, kisichozunguka, sawa, lakini kiti. Mkuu wa michoro uwe wewe, iandikwe, na jina lako litokee kwenye gemu kila inapofunguliwa. Nakuambia atakubali, maana mtu aliyegombana na wanaume wa korosho anajua haki ya mtu ikoje. Harithi mtamwita mkishaelewana ninyi wawili, aje kusaini, naye ndiye atakayepika chai.

Kaimu akikupigia tena habari za ufuta, mwulize, "Mwantumu kasemaje?" Kama hajaulizwa, kata simu. Atapiga tena akiwa amemwuliza. Na msimu huu nenda Mandawa ukakung'ute ufuta pamoja naye siku mbili, mgongo ukuume, ndipo mtazungumza kama mawifi.

Kikasoro kimoja kimebaki. Umebadili majina na ukaomba lako lihifadhiwe, na sisi tumelihifadhi. Lakini mjukuu wangu, kampuni ya gemu yenye nyani jike lenye pengo na hereni, Nachingwea ziko ngapi? Gazeti hili likishuka stendi asubuhi, kabla chapati hazijaisha Yasmini atakuwa ameshaitiwa na mtu, "Bosi, njoo uone huku."

Kwa hiyo barua hii usiimalizie umekaa. Panda bodaboda. Ukimkuta hajasoma, sema kama nilivyokuambia. Ukimkuta analo mkononi, mnyang'anye, uliweke nyuma ya mgongo, umwambie wewe mwenyewe.

Bado uko hapa?