Zomate Uliyonichumia

Chumba Na. 6,
Nyuma ya Kiwanda cha Sabuni.
14 Juni.

Mpendwa Kaka,

Habari za huko, na kile kikohozi kimekuacha? Sisi wazima. Mwanangu ameota meno mawili na ameyajaribu kwenye kadi zangu za herufi B. Shemeji yako anakusalimu. Baada ya salamu nisikilize, maana nimekasirika na sitakuficha.

Unajua mwaka wa nne huu nakusanya maneno yenye undugu, yaliyotoka mzizi mmoja, ya Kiingereza, Kijerumani, Kiholanzi na Kiswidi. Nayaandika kwenye kadi sufuria ikichemka, mtoto akisinzia mapajani. Safu ya Kijerumani nilikuachia wewe kwa kuwa kamusi kubwa unayo wewe. Nilikuamini, Kaka.

Jumanne nilipeleka kazi kwa mhariri wa chuo, mtoto mgongoni. Akapekua kurasa, akafika herufi T, akaweka kidole kwenye mstari mmoja. Kisha akaniuliza, "Mama, hii Zomate uliichuma wapi?"

Makarani wawili walicheka mpaka mmoja akatoka nje. Nyanya, tomato ya Waingereza, kwa Kijerumani ni Tomate. Kamusi ingekuambia kwa dakika moja.

Najua ulivyofanya. Mimi mwenyewe nilikuandikia kwamba T ya Kiingereza mara nyingi huwa Z kwa Kijerumani: ulimi ni tongue na Zunge, kumi ni ten na zehn. Ukaona kamusi ya nini tena, ukaanza kufyatua maneno kama matofali. Nyanya wala si ya ukoo huo. Ni mgeni kutoka Amerika, alikuja na jina lake.

Mhariri amenirudishia yote. Amesema neno moja la kubuni linatia shaka mengine mia tisa, na nisipoleta safu safi kufikia tarehe thelathini, kitabu hakichapwi.

Usiniambie ulikuwa na shughuli. Ungeacha pengo, ningelijaza. Uongo ulioandikwa vizuri nitaujuaje? Orodha hii hapa. Neno uliloliona kwenye kamusi, tia alama. Ulilobuni, kata. Ukikata hata mia sitakununia. Ukitia alama ya uongo, hapo tutakosana kweli.

Jina lako bado lipo ukurasa wa kwanza, chini ya langu. Nimeshika kifutio mara mbili, nikakiweka.

Nisalimie wifi na wale mapacha watundu. Mungu akulinde, akupe na subira ya kufungua kurasa.

Mdogo wako, akupendaye na hasira zake,
Mama Kadi