Barua ya Pili ya Mama

4 Februari

Dada yangu,

Habari za huko na za kazi? Sisi wazima, isipokuwa Mama. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu siwezi kusema kitu. Anasikia kila neno, halafu ananinyang'anya na kukwambia yuko salama.

Hayuko salama. Chakula kinamkwama kifuani. Wiki ya tatu sasa anakunywa uji tu. Tabibu wa kituo chetu cha afya ameandika barua ya rufaa kuja hospitali kwenu, na Mama amechangamka kweli. Anawaambia majirani, "Barua inakwenda kwa binti yangu, yeye ndiye anayezifungua."

Mdogo wako

17 Februari

Mdogo wangu mpenzi,

Pole kwa kuuguza. Mimi nipo, nachoka tu. Barua mia mbili kwa siku, wauguzi wawili wa kuzichambua, na madaktari bingwa hawafiki watano. Sisi ndio tunaoamua nani aonwe wiki hii na nani asubiri.

Ya Mama niliisoma mwenyewe. Tabibu ameandika maneno manne: "Analalamika maumivu ya koo." Kwa hayo nimemweka foleni ya kawaida, miezi minne. Usinikasirikie. Nikimpandisha mama yangu bila sababu iliyoandikwa, kuna mama wa mtu namshusha. Mwambie aandike upya: amepungua kilo ngapi, hamezi nini, tangu lini. Ikija hivyo, ataonwa ndani ya wiki mbili.

Dada yako

1 Machi

Dada,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Tabibu nimemfuata mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa semina. Ya pili akaniambia nisimfundishe kazi. Ya tatu nilikwenda na Mama, nikampandisha kwenye mzani mbele yake. Akaandika ukurasa mzima. Umetumwa leo. Afadhali wewe upo hapo.

Mdogo wako

12 Aprili

Dada,

Hujambo? Wiki ya sita hii. Kila nikipiga unasema bado haijafika, na tabibu ana daftari lenye sahihi ya mpokeaji wa kwenu. Mama sasa hata uji anautema. Anasema tusikusumbue, una kazi nyingi. Mimi nakusumbua.

Mdogo wako

20 Aprili

Mdogo wangu,

Sijui nianze na salamu gani. Nimeipata.

Mwaka jana barua za kurudia zilitujaa. Nikapendekeza kwamba mgonjwa akiwa tayari yuko kwenye foleni, barua yake mpya ibanwe nyuma ya ile ya kwanza, isisomwe mpaka siku ya miadi. Mkuu wangu alinipongeza mbele ya kikao kizima. Nilipokuambia tabibu aandike upya, utaratibu huo sikuukumbuka. Jana nilifungua faili la Mama kutafuta namba ya kituo chenu, nikaikuta nyuma, imebanwa. Kilo kumi na moja. Hamezi kigumu tangu Januari. Ametapika damu mara mbili. Muhuri uliopigwa juu yake ni wangu. Huwa nazipiga barua muhuri kwa namba ya faili, jina sitazami.

Mlete Jumatatu, nafasi ipo. Nimeomba utaratibu ule ufutwe. Mkuu amesema foleni imepungua kwa theluthi, haufuti.

Dada yako

30 Mei

Dada,

Kwenye mazishi sikutaka kusema, watu walikuwa wengi.

Jumatatu ile daktari alisema kama tungefika mwezi wa tatu angejaribu kupasua. Ulikuwa umesimama mlangoni, ulisikia. Mama hakusikia. Tukiwa njiani kurudi akaniuliza kwa nini barua ilichelewa. Nikamwambia tabibu aliisahau kwenye droo.

Siku nne kabla hajafariki, tabibu alikuja kumjulia hali. Mama aligeukia ukutani, akakataa kumpa mkono. Yule bwana alikaa pale kitandani kama robo saa, akaondoka bila kujua kosa lake. Alikuwa amemletea dawa ya maumivu kwa fedha yake.

Kesho nakwenda kumwomba radhi na kumweleza ukweli wote, jina lako nitalitaja. Nilimtwika mzigo wako ili Mama afe akijivunia wewe, na amekufa hivyo. Hilo nimekufanyia. Jingine usiniombe.

Mdogo wako