Baba Zuhura Hatambuliki

Jumatatu, 4 Agosti
Chipsi zimeisha saa kumi. Kufungua mchezo wa simu, Zuhura keshaingia, kama kila siku. Tumeua maadui ishirini, kumi na tisa wangu. Mwanangu ana miaka kumi na moja, yuko Kilwa kwa mama yake, anacheza kwa simu ya mjomba. Tangu tuachane, mama yake hataki sauti yangu wala sura yangu. Humo mchezoni ndimo nilimobaki baba.

Jumatano, 6 Agosti
Mchezo umeleta mlinzi wa kompyuta wa kukamata wadanganyifu. Simu iliyochokonolewa na fundi, nje. Mtaa wetu wa Rasbura mzima, simu ya nani haijapita kwa fundi? Yangu mimi. Hii niliitoa Kariakoo ndani ya boksi, nimewaambia mara mia. Vijana wananuna kwenye kibanda changu cha chipsi. Nikasema ingieni kwa simu yangu, kila mtu na jina lake. Wameingia tisa. Nimejiona mbunge.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimefungiwa. Majina kumi na langu, simu moja, eti genge la matapeli. Kwetu simu moja ni ya ukoo. Huyo mlinzi kazaliwa wapi?

Ijumaa, 8 Agosti
Rufaa ipo. Nimruhusu mlinzi apekue simu yote, mpaka picha. Kidole kilishafika kwenye kitufe cha kukubali. Nikakumbuka picha za harusi ya dada yangu Mwajuma, za ndani kwa wanawake, vichwa wazi. Nikamuuliza.
“Kaka, tulikuamini wewe. Hao unawajua?”
“Mashine tu.”
“Basi ikakuoe.”
Kuzifuta siwezi. Marehemu mama anacheka humo. Nimekataa rufaa. Nimelia, mimi mwanamume niliyesafiri mpaka Maputo.

Jumapili, 10 Agosti
Nimeazima simu mpya ya jirani. Nimejiandikisha upya: Baba Zuhura. Nikamwomba Zuhura urafiki. Kakataa. Nikaomba tena, nikataja na jina la bibi yake. Kanizuia kabisa.
Nilimfundisha mwenyewe. Akija mtu na jina geni akasema ni mimi, usimwamini, hata akimjua bibi yako. Kasikia vizuri mno.

Jumanne, 12 Agosti
Chipsi zimebaki nusu beseni. Jirani kaniachia simu tena, nikatazama orodha ya wachezaji, ambayo hata aliyezuiwa anaiona. Jumatatu ile niliandika uongo. Kumi na tisa walikuwa wa Zuhura, mmoja ndiye wangu.
Leo kaingia saa kumi kamili. Katoka saa kumi na nusu. Hakupiga risasi hata moja.