Helmeti Isiyobana

Tarehe 4 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo umetulia na masikio hayajazidi kuziba. Mimi sijambo, ila jua la huku halina adabu.

Ile kazi nimeipata. Nasambaza dawa kutoka bohari kwenda kwenye maduka ya dawa, kwa pikipiki, na nyuma nimefungiwa sanduku kubwa kama kabati la jikoni. Najua umeshakunja uso. Barua yako nimeisoma, ile uliyoniagiza nivae jaketi nene, glavu, buti, kinga za magoti na za viwiko, utadhani naenda kupigana na simba. Baba, huku watu wanaendesha na kandambili! Nikitokea na mavazi hayo yote wenzangu watanicheka mpaka wadondoke. Nimeamua helmeti tu, na viatu vya kufunga. Na hiyo helmeti yenyewe inanibana kwenye paji la uso na juu ya masikio mpaka machozi yananitoka. Nikifika kwenye foleni naivua naitundika kwenye kioo cha pikipiki.

Usikasirike. Nimekuambia kweli kwa sababu kukudanganya sijui.

Binti yako

*

Tarehe 11 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Mgongo haujambo. Masikio ndiyo yale yale. Jana mteja alinipigia kelele kuhusu sofa yake mpaka mtaa mzima ukajua ana kunguni. Ndiyo maana mimi na simu hatupikiki chungu kimoja, na wewe utaendelea kununua kalamu.

Kandambili! Nilikaa chini nilipolisoma neno hilo. Mwanangu, ngozi uliyopewa ni moja, na lami haichagui. Mimi kazi yangu ni kufunika vitu, najua kisichofunikwa kinavyochakaa. Jaketi litakutoa jasho, basi, utaoga. Wakicheka waache wacheke, meno ni yao.

Tupatane hivi. Wewe vaa vyote nilivyotaja, kila siku, hata kama unakwenda hapo jirani tu. Helmeti niachie mimi. Mpe kondakta wa basi la asubuhi ailete. Tangu nianze ufundi sofa sijaona kitu kinachombana mtu halafu kikanishinda kukilainisha. Mpaka irudi, omba wakupe kazi ya bohari, usiguse hiyo pikipiki.

Baba yako, ambaye hatanii

*

Tarehe 20 Februari

Binti yangu,

U hali gani? Mimi mzima, na mzigo ndio huo.

Nimeifungua hiyo helmeti yako na nimestaajabu. Ndani kuna kitambaa chembamba, na nyuma ya kitambaa wameweka povu gumu jeupe, kavu, kama lile linalokuja na televisheni kwenye boksi. Nani anamlaza mtu kichwa kwenye takataka za boksi? Kumbe ndiyo maana ulikuwa unalia. Nimeling'oa lote. Nimekata sponji nzuri, ile ninayowawekea wazee kwenye viti vyao, tabaka mbili, nikaibandika kwa gundi na kushonea kitambaa cha bluu juu yake. Kisha nikaijaribu kama ninavyojaribu kila kiti kabla hakijatoka dukani: nikabonyeza kwa kidole gumba. Kikazama chote, na sponji ikarudi taratibu. Hapo ndipo najua kazi imekwisha.

Niliivaa mwenyewe nikasinzia nayo mchana. Jirani yangu msusi aliwaita wateja wake waje kuniona.

Sasa huna kisingizio. Vaa vyote.

Baba yako

*

Tarehe 2 Machi

Baba yangu,

Shikamoo na ahsante, tena ahsante. Navaa vyote. Siku ya kwanza walinicheka kweli, mmoja akaniuliza kama nimekuja kuzima moto. Sasa wamezoea, na mimi nimezoea. Helmeti ndiyo usiseme. Ni kama naendesha na mto kichwani. Siivui tena kwenye foleni.

Kuna jambo jingine, na naomba ulisome ukiwa umekaa. Kuna kijana hapa kazini. Wenzetu wanamwita Taratibu kwa sababu hajawahi kukimbiza pikipiki hata bosi akimfokea. Anasimama kuwapisha bata. Amenizoea, nami nimemzoea, na mwezi wa sita anataka kuja kwako na wazee wake. Nilimwonyesha barua yako ya mapatano akacheka sana, lakini kesho yake akaja na glavu na buti. Aliijaribu helmeti yangu, akafumba macho, akasema: "Huyu mzee ni fundi. Mwombe anitengenezee na yangu, nijue nimeshapokelewa."

Nimempa kondakta ailete. Ukiona ni kubwa usishangae, ana kichwa.

Binti yako

*

Tarehe 13 Machi

Binti yangu,

Barua yako nimeisoma nimekaa, nikasimama, nikakaa tena. Sema mapema mwanangu, moyo huu si wa kushtushwashtushwa!

Anayepisha bata hata mimi nitampisha mlangoni. Helmeti yake hiyo hapo. Nimempa tabaka tatu, tena sponji mpya, na kitambaa cha rangi ya maziwa nilichokuwa nimekitunza. Mwambie hiyo ni salamu ya mkwe. Mwambie pia kuwa mtu akikunja ngumi na kuipigapiga kwa ndani, haumii hata kidogo. Nimejaribu.

Baba yako

*

Ujumbe wa simu, tarehe 9 Aprili

Mwanangu ni mimi baba, msusi ananiandikia. USIIVAE ILE HELMETI. Wala Taratibu asiivae yake. Shukeni kwenye pikipiki popote mlipo. Mwambie sasa hivi.

Jibu, siku hiyo hiyo

Baba nani amekuambia?

Ujumbe

Ameniambia nini? Uko wapi?

Jibu

Hospitali. Si mimi. Nitakuandikia, siwezi sasa.

*

Tarehe 9 Aprili

Binti yangu,

Sijui nianzeje. Sikuulizi hali, naogopa jibu.

Leo alikuja mwalimu wa udereva kuvalisha upya kiti cha pikipiki yake. Yale mapovu meupe mawili niliyoyang'oa nilikuwa nimeyaweka rafuni, nawekea pini. Akayaona, akacheka: "Mzee, na hivi vichwa ni vya nani?" Nikamweleza kwa majivuno, na sponji nikamwonyesha. Alikoma kucheka. Akanishika mkono kwa nguvu, akasogeza mdomo kwenye sikio langu, akasema: "Hilo povu ndiyo helmeti yenyewe. Gamba la nje ni sufuria tu. Povu gumu linapasuka ili fuvu lisipasuke. Na linatakiwa kubana."

Nilibonyeza lile povu mbele yake. Kidole hakikuzama. Miaka yote nimebonyeza vitu, na hiki nilikitupa kwa sababu hakikuzama.

Nilikimbia kwa msusi na mkasi mkononi, wateja wakadhani nimerukwa na akili. Ndipo ukaniuliza nani ameniambia. Sielewi. Nani yuko hospitali? Andika, hata neno moja.

Baba yako

*

Tarehe 12 Aprili

Baba,

Ni Taratibu.

Nakueleza kama nilivyoona kwa sababu nikianza kulia sitamaliza. Tulikuwa tunatoka bohari, yeye mbele, mimi nyuma yake. Gari la taka lilirudi nyuma bila kuangalia. Alifunga breki. Baba, hakuwa anakimbia, mtu anayetembea angempita. Pikipiki ililala, akaburuzika, kisha kichwa kikagonga ukingo wa barabara mara moja tu. Sauti yake ndogo. Nilijua atainuka ajikung'ute, maana alivaa kila kitu.

Alivaa kila kitu, baba. Muuguzi alimvua glavu, viganja visafi. Akamvua buti, akamkatia jaketi, magoti, viwiko, mgongo, hana mkwaruzo hata mmoja. Muuguzi alirudia kumgeuza akitafuta jeraha. Aliniuliza mara mbili kama ni kweli ameanguka.

Halafu daktari akaichukua helmeti. Gamba halikupasuka. Akatia kidole gumba ndani, akabonyeza pale kwenye kitambaa cha rangi ya maziwa. Kidole kikazama. Akabonyeza tena, kama haamini. Akaniangalia, akauliza: "Nani ametengeneza hii?"

Ujumbe wako ulikuwa unaingia. Simu ilikuwa mkononi mwangu, jina la msusi wako limeandikwa juu, na chini yake maneno yako. Nilidhani umeniona. Nilidhani dunia nzima imeshajua.

Nikamwambia daktari, "Sijui."

Mama yake alikuwa amesimama pale pale. Hajui. Jana aliniambia, "Mwanangu alikuwa akiisifia hiyo helmeti, alisema baba yako ana mikono ya baraka." Nilitoka nje.

Anapumua kwa mashine. Helmeti yangu nimeitundika kwenye msumari chumbani. Nimeiendea na kuibonyeza mara nyingi. Nimepita nayo kwenye malori, kwenye mvua, kila siku, nikijiona salama kuliko wote.

Sikukasirikii. Nakasirika, lakini sijui nimkasirikie nani. Mimi ndiye niliyelalamika kwamba inabana.

Binti yako

*

Tarehe 14 Aprili

Binti yangu,

Barua yako nimeipata nikiwa na misumari mdomoni. Niliitema yote.

Wewe hukulalamika vibaya. Mtu akibanwa husema. Aliyejifanya anajua kila kitu ni mimi, kwa sababu kila aliyekaa kwenye kiti changu alisema ahsante. Niliogopa lami, niliogopa kandambili, nikakufunika mwili mzima, halafu kichwa nikakifunua kwa mikono yangu mwenyewe. Nilikifunua na cha mtoto wa mwenzangu, nikakiita salamu.

Ulisema hujui. Usiseme tena hivyo, hata kwa ajili yangu. Mimi najua. Nimefunga duka, nimemwachia msusi ufunguo. Nakuja na basi la kesho kutwa, na yale mapovu mawili nimeyafunga kwenye mfuko. Nitamwonyesha daktari, nitamwonyesha mama yake, nitawaambia kwa mdomo wangu. Wakinipeleka polisi nitakwenda. Wakinitemea mate sitajifuta.

Helmeti yako itoe msumarini uikate vipande, mtu mwingine asije akaiona nzuri akaichukua.

Baba yako

*

Tarehe 15 Aprili, kwa mkono wa kondakta

Baba,

Shikamoo. Barua yako imefika asubuhi, na mimi hii nampa kondakta huyo huyo anayerudi, akupe kabla hujapanda.

Nimemwambia mama yake. Sikuweza kukungoja. Nilimwambia tukiwa kwenye benchi la korido: ni baba yangu aliyeitengeneza, hakujua, na mimi ndiye niliyeipeleka. Hakupiga kelele. Aliangalia mikono yangu kwa muda mrefu, akachukua mkoba wake uliokuwa kati yetu, akauweka upande wa pili. Sijui kama alikuwa ananisogelea au anakutengenezea nafasi, au ni mkoba tu. Kisha akauliza, "Anakuja?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Aje nimwone."

Jana usiku walimtoa mashine. Leo amefungua macho. Amemtambua mama yake, akamwita. Nilipoinama na mimi, alinitazama vizuri sana, kwa heshima, kama alivyo. Akasema, "Dada muuguzi, naomba maji."

Daktari anasema kumbukumbu huenda ikarudi, huenda isirudi. Nilimpa maji. Alisema ahsante.

Njoo, baba. Ukishuka stendi vijana wa pikipiki watakuzunguka na kukuvutia mfuko. Usipande. Kaa kwenye benchi la tiketi, nitakuja kukuchukua kwa miguu.

Binti yako